Kitambulisho cha taifa: kilitangazwa lini, kiko wapi?

KAZIMIA – Mitumbwi ya motori inayoondoka ufukoni Kazimia kuelekea Baraka, Kalemie au ng'ambo ya ziwa, Kigoma, hupakia ndagala, mawese, magunia ya muhogo na watu. Abiria anaulizwa kitu kimoja kabla hajapanda, na anaulizwa tena akishuka: identite. Karibu kila mtu mzima anatoa kadi ya mchaguzi. Nyingi kati ya zile zilizotolewa mwaka 2023 zimefutika. Picha imebaki kivuli, herufi za jina zimekwenda, na mwenye kadi anabaki kueleza kwa mdomo yeye ni nani. Mama aliyekimbia usiku na watoto, karatasi zote zikabaki ndani ya nyumba, hana hata hicho kivuli cha kuonyesha.

Kadi ya mchaguzi haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ilitengenezwa kwa kura. Kadi yenyewe ya kumtambulisha Mkongomani, ile ya plastiki yenye alama za vidole na namba ya maisha, imekwisha kutangazwa, imeundiwa ofisi, imetafutiwa kampuni, na raisi wa jamhuri ameonekana akiipokea. Huku ziwani haijafika.

Watu wa kompyuta wanaijua hali hii vizuri, hata wameitafutia jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Marekani, walianza kuita mvuke programu yoyote ambayo kampuni imeitangaza, imeisifia na kutaja tarehe ya kuiuza, kumbe haijamalizika kuandikwa, na pengine haijaanza. Mvuke unauona juu ya sufuria. Ukiushika, mkono unabaki mtupu. Historia ya mvuke huo inasaidia kuelewa historia ya kadi yetu, kwa hiyo inafaa kuipitia kwanza.

Mfano unaotajwa sana ni Windows, programu ambayo leo iko ndani ya kompyuta za ofisi nyingi za Kivu. Kampuni ya Microsoft iliitangaza mjini New York tarehe 10 Novemba 1983. Wanunuzi waliipata tarehe 20 Novemba 1985, miaka miwili baadaye. Mwandishi mmoja wa gazeti la InfoWorld alimpa Bill Gates zawadi ya mzaha, ya mvuke wa dhahabu, kwa jinsi alivyowasubirisha watu.

Kwa nini mtu atangaze kitu ambacho hana? Jibu la haraka ni kwamba anadanganya, lakini mara nyingi si hivyo. Tangazo lenyewe lina faida yake. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta kubwa ya kushindana na ile ya kampuni ndogo ya Control Data, wakati yake haijawa tayari. Wateja waliokuwa karibu kununua mashine ya Control Data wakasita. Kwa nini ununue ya leo ikiwa ya kesho ni bora na inatoka kwa tajiri mkubwa? Control Data ikaishtaki IBM mwaka 1968, na kesi ikaisha kwa maelewano mwaka 1973. Tangazo peke yake, bila mashine, lilikuwa limefanya kazi: lilisimamisha mikono ya watu.

Tangazo linaweza pia kumgeukia mwenyewe. Adam Osborne alianza kuuza mwaka 1981 kompyuta ya kubebwa mkononi, yenye uzito wa kilo 11 hivi, nzito kama mtungi wa maji wa mtoto, na ilinunuliwa sana. Mwanzoni mwa 1983 akaanza kusifia mfano mpya uliokuwa unakuja. Maduka yakaacha kuagiza ule wa zamani, mpya haujajaa sokoni, fedha zikakauka. Septemba 1983 kampuni ilifilisika. Wapo wanaosema ilikuwa na matatizo mengine pia, na ni kweli, lakini wafanyabiashara wa kompyuta mpaka leo wanalitumia jina lake kuonyana.

Kisha kuna ule mchezo wa video ambao umekuwa kama methali. Kampuni ya 3D Realms ya Texas, Marekani, iliutangaza mchezo wa Duke Nukem Forever mwezi wa Aprili 1997, ikitarajia kuutoa mwaka uliofuata. Mchezo ulitoka Juni 2011. Miaka 14. Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo angekuwa sekondari.

Watengenezaji wake hawakuwa wavivu, na fedha walikuwa nazo, kwa sababu mchezo uliotangulia uliuzwa vizuri. Shida ilikuwa moja: kila mara walipoona kampuni nyingine imetoa injini bora zaidi, yaani ile programu ya ndani inayochora picha na kuziendesha, walitupa kazi waliyokwisha kufanya na kuanza upya juu ya injini mpya. Walianza na injini moja mwaka 1997, wakahamia nyingine mwaka 1998, na kubadili hakukuishia hapo. Walipoulizwa tarehe, walijibu kwamba utatoka ukikamilika. Mei 2009 wafanyakazi waliachishwa kazi, na ni kampuni nyingine, Gearbox, iliyookota vipande na kuvimaliza. Wachezaji waliousubiri tangu ujana wao wakakuta mchezo wa kawaida, wengine wakasema mbovu. Jambo la kushika hapa ni lile la kuanza upya kila mara, kwa sababu litarudi tukifika kwenye kadi.

Si kila kinachochelewa ni mvuke. Kule Yaoundé, Kamerun, kijana Madiba Olivier alianza kuufikiria mchezo wake wa Aurion mwaka 2003. Studio yake, Kiro'o Games, ilifungua milango mwaka 2013, umeme ukikatika na benki hazijui mchezo wa video ni biashara gani. Walikusanya fedha kwa watu wa kawaida, ndani na nje ya nchi, wakiwaonyesha kazi ilipofikia, na mwaka 2016 mchezo ukatoka. Miaka 13 kutoka wazo hadi kwa mchezaji, karibu sawa na wale wa Texas. Tofauti ni kwamba hawa hawakuwa wanavunja walichojenga, na aliyechangia alionyeshwa alichochangia.

Sasa turudi Kongo.

Mara ya mwisho watu wote wa nchi hii kuhesabiwa ilikuwa Julai 1984. Nchi iliitwa Zaire, na hesabu ilikaribia watu milioni 30. Wakati huo raia walikuwa na kadi, na wazee wa Fizi bado wanazikumbuka. Baada ya hapo serikali ikaanza kuishiwa nguvu, na vita vya 1996 na 1998 vikamaliza kilichobaki. Vitabu vya kuandikia kuzaliwa na kufa viliungua au kuibwa katika ofisi nyingi. Familia za Fizi zilivuka ziwa zikapewa hifadhi Tanzania, katika kambi za Lugufu na Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Huko walipewa karatasi ya chakula yenye majina ya familia. Kwa wengi ndiyo ikawa identite yao ya pekee kwa miaka mingi.

Mwaka 2005 ilibidi nchi ipige kura, na huwezi kupiga kura bila kujua nani ni nani. Tume ya uchaguzi ya wakati ule, chini ya Abbé Apollinaire Malu Malu, ilituma mashine za kompyuta zenye kamera na kipimo cha vidole hadi vijijini, kwa ndege, kwa lori, kwa mtumbwi na kwa kichwa. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa. Katika nchi isiyokuwa na barabara ilikuwa kazi kubwa kweli, na haijasifiwa vya kutosha. Kura ya maoni juu ya katiba ilifanyika Desemba 2005, uchaguzi wa raisi tarehe 30 Julai 2006. Na kwa kuwa watu hawakuwa na kitu kingine, kadi ya mchaguzi ikapewa kazi ya pili: kuwa kitambulisho cha muda, mpaka kadi yenyewe ya taifa itakapokuja.

Muda huo haujaisha.

Mwaka 2011 iliundwa ofisi ya taifa ya kutambua watu, inayoitwa ONIP kwa kifupi cha Kifaransa. Kazi yake ingekuwa kuandika kila mtu, mkubwa na mdogo, kumpa namba na kumpa kadi. Tangu hapo kadi na sensa vimetangazwa pamoja kama mapacha. Na mwaka 2015 tangazo likaonyesha meno. Januari mwaka ule serikali ilipeleka bungeni sheria ambayo ingefunga uchaguzi wa 2016 na sensa: kwanza watu wahesabiwe, kisha kura. Kila aliyeijua nchi alielewa kwamba sensa ingechukua miaka. Wakaaji wa Kinshasa, Goma na Bukavu walitoka barabarani, wengi wakauawa, na mwishowe kipengele kile kikaondolewa. Sensa ambayo haijafanyika ilikuwa imetumika kama mlango wa kufungia wengine nje. IBM ya 1964 ilisimamisha wanunuzi. Hapa walitaka kusimamisha uchaguzi.

Uchaguzi ulichelewa hata hivyo, ukafanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kwa ajili yake watu waliandikishwa tena, foleni mpya, vidole vipya. Hata 2011 walikuwa wameandikishwa. Na mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 wakaandikishwa kwa mara ya nne. Safari hii ilisemwa mapema kwamba CENI, ONIP na ofisi ya takwimu watafanya kazi pamoja: mtu apange foleni moja tu, atoke na kadi ya mchaguzi, awe ameandikwa kwa ajili ya kitambulisho, awe amehesabiwa kwenye sensa. Lilikuwa wazo zuri sana. Lakini saa ilipofika CENI ilienda peke yake, kwa sababu kalenda ya uchaguzi haikuweza kusubiri. Wachaguzi karibu milioni 44 waliandikishwa, na kadi walizotoka nazo ndizo hizi zinazofutika.

Hapo ndipo mchezo wa Texas unapofanana na kadi ya Kongo. Ndani ya miaka 18 serikali imepima vidole vya watu wazima mara nne, na kila mara vifaa vipya vimenunuliwa na mkulima amesimama tena juani na kidole chenye wino. Injini inabadilishwa, kazi ya jana inawekwa kando. Mtu angefikiri kwamba baada ya mara ya kwanza kilichobaki ni kuongeza waliofikisha miaka 18 na kutoa waliokufa. Hakuna anayeweza kufanya hivyo bila kitabu cha waliozaliwa na waliokufa, na kitabu hicho ndicho kitu ambacho hakuna raisi anayekwenda kukizindua mbele ya kamera.

Tarehe 30 Juni 2023, sikukuu ya uhuru, miezi sita kabla ya uchaguzi, raisi Félix Tshisekedi alipokea kadi ya kwanza mjini Kinshasa. Watu wakaiona kwa televisheni na simu. Kazi ya kuitengeneza ilikuwa imepewa kampuni ya Afritech pamoja na Idemia ya Ufaransa, kwa mkataba uliotajwa kuwa wa dola bilioni 1.2. Maswali juu ya bei hiyo yakaanza, wakaguzi wa fedha wa serikali wakaingia, na mwaka 2024 serikali ikavunja mkataba. Waliopata kadi kabla ya hapo ni wachache, na walikuwa Kinshasa.

Mtu wa Kazimia anaweza kutazama ng'ambo ya ziwa na kujiuliza kama Tanzania walifanya vizuri zaidi. Kwa haraka, hapana. Sheria yao ya kuandikisha na kutambua watu ni ya mwaka 1986. Mamlaka ya vitambulisho, NIDA, iliundwa mwaka 2008, na raisi Jakaya Kikwete akazindua vitambulisho tarehe 7 Februari 2013. Hiyo ni miaka 27 kati ya sheria na kadi, mara mbili ya Duke Nukem. Hata baada ya uzinduzi mamilioni waliandikishwa wakasubiri plastiki kwa miaka. Lakini kuna jambo moja ambalo lilipunguza uchungu: aliyeandikishwa alipewa namba, na namba ikaanza kutumika kabla ya kadi. Mwaka 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa, mtu mwenye namba na kidole chake aliweza kusajili laini bila kuonyesha kadi. Siku kadi ilipofika ilikuwa kama nyongeza.

Ndiyo maana kelele zote kuhusu kadi zinapotosha kidogo. Kadi ni jani. Shina ni daftari la watu, ambalo ndani yake kila mtu yupo mara moja tu. Kompyuta inapopokea vidole vya mtu mpya inavilinganisha na vya wote waliotangulia, ili asiingie mara mbili. Kwa watu milioni 44 hiyo ni kazi ya mashine kubwa, umeme usiokatika na mtandao. Na mizizi ni eta sivili, mezani kwa karani wa sekta, pale mtoto anapoandikwa. Sheria ya familia, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto bila malipo. Katika Ngandja, ambako mama anaweza kuzalia shambani au njiani akikimbia, siku 90 zinapita kabla hajaijua ofisi iko wapi, na baada ya hapo inabidi apitie tribinali. Kila mwaka ambao macho yote yamekuwa Kinshasa yakisubiri jani, mzizi huo haukumwagiliwa maji. Hasara ya tangazo ni hiyo, kuliko hata fedha za mkataba.

Gharama nyingine inalipwa na wahami, na inalipwa kwa siku. Aliyepoteza kadi anatakiwa kutafuta cheti cha kupotelewa na vitambulisho. Ni karatasi yenye mhuri, inaharibika ikinyeshewa, na askari wa bariere moja anaweza kuikubali ambapo wa bariere nyingine anaikataa. Bila identite laini ya simu haisajiliwi kwa jina lako, na bila laini fedha zinazotumwa na ndugu aliye Lubumbashi au ugenini zinapitia simu ya mtu mwingine, ambaye naye ana shida zake. Kwenye orodha ya msaada jina likiandikwa tofauti na lile la kadi, ugomvi unaanza.

Na kuna jambo linalowashangaza watu wa Fizi, ingawa hawalisemi kwa wivu. Warundi waliokimbilia kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015, huandikishwa na tume ya wakimbizi na HCR, vidole vyao vikapimwa, na mtu mzima akapewa kadi ya mkimbizi inayoonyesha jina lake na picha yake. Ni haki yao na hawakupewa kwa upendeleo. Lakini inaonyesha kwamba kupima vidole na kutoa kadi kando ya ziwa Tanganyika ni jambo linalowezekana, kwa vifaa vinavyoingia katika gari moja. Mkongomani anayewauzia wakimbizi hao samaki hana kadi ya nchi yake.

Kwa sasa wanaohama hawana njia nyingine ila kutunza kidogo walichonacho. Wengi wamejifunza kupiga kadi picha kwa simu ingali inasomeka na kumtumia ndugu aliye mji mwingine, kufunika kadi kwa plastiki kabla wino haujakwenda, na kuandika namba yake kwenye daftari la mtoto wa shule. Picha ya simu haikubaliki kila mahali, lakini inamsaidia karani kuandika cheti kwa jina lilelile na tarehe ileile, na hilo si dogo. Kwa mtoto mchanga, karatasi ya kuzaliwa inayotolewa na kituo cha afya ndiyo inayofungua mlango wa eta sivili. Isitupwe hata kama siku 90 zimepita.

Wako ambao hata hayo hayawasaidii. Mtoto aliyezaliwa tarehe 30 Julai 2006, siku ile ya uchaguzi wa kwanza, wazazi wake wakiwa na kadi mpya za mchaguzi mfukoni, alifikisha miaka 18 Julai 2024. Vituo vya CENI vilikuwa vimekwisha kufungwa mwaka mmoja kabla, na mkataba wa kadi ya taifa ulikuwa unavunjika. Leo ni mtu mzima mwenye ndevu. Kwenye bariere, ambako kijana asiye na karatasi anaweza kudhaniwa kuwa mpiganaji, anachoweza kutoa ni kadi ya mwanafunzi, ikiwa shule yake iliwahi kumpa kabla haijafungwa.